Mshiko wa Kona ya Tisa

Mkono wa chini ulikuwa umepinda.

Si kupinda kwa kuonekana na macho. Tusajigwe aliugundua kwa kidole gumba, Jumatatu asubuhi, akiwa amelala chali chini ya Kipanga, gari jipya la kiwanda, huku grisi ikimdondokea shingoni. Huo mkono ndio unaoshika gurudumu la mbele lisiachane na chesisi. Chuma chake alikichagua mwenyewe, akasimama kando ya tanuru kikichomwa, akakigonga kwa nyundo na kukisikiliza mpaka akaridhika. Ulitengenezwa ubebe mara moja na nusu ya nguvu ambayo tairi yoyote ingeweza kuupa. Sasa ulikuwa umetoa kitumbo, na bushi yake ya mpira ilikuwa imechanika kama mdomo wa mtu aliyepigwa ngumi.

Akapapasa upande wa pili. Nao vilevile.

Alijivuta nje, akakaa juu ya tairi kuukuu, akashikwa na hasira, ingawa alikuwa bado hajajua amkasirikie nani. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kazi aliianza kwa kuosha spea Tunduma, akaifuata hadi Lusaka, akaifuata hadi Lubumbashi, na kusoma alijifundishia kwenye vitabu vya magari, ndiyo maana mpaka leo aliweza kuandika neno refu la shokamzoba bila kukosea lakini akababaika kwenye barua ya salamu. Lakini chuma alikijua. Chuma hakipindi kwa bahati mbaya.

Akachukua chaki, akaanza kuandika sakafuni.

Watu hudhani gari husimamishwa na diski za breki. Diski husimamisha gurudumu, basi. Gari lenyewe husimamishwa na mpira, viganja vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja hakizidi sahani ya chai. Hapo ndipo kila kitu kinapoishia, hata uwe na breki za dhahabu. Na mpira una kikomo. Alhamisi iliyopita, katika jaribio la mwisho, Kipanga lilikuwa kwenye kilomita mia mbili kwa saa, breki zikakanyagwa, likasimama kwa mita sitini na nane. Hesabu ya chaki ilisema mia na kumi, na hiyo ni kwa tairi mpya, siku kavu, na dereva asiye na woga.

Aliyekanyaga ni yeye. Ndiyo desturi ya karakana ile tangu ilipofunguliwa: aliyefunga breki ndiye wa kwanza kuzikanyaga, ili kama kuna uzembe umpate mwenyewe. Na kwa siku tatu nzima alikuwa amejaa sifa, akidhani zile mita arobaini na mbili alizookoa zimetoka kwenye springi zake na shokamzoba zake.

Tairi haina nguvu ya kupinda chuma kile. Sasa nani alilishika gari?

Alifungua mkono mmoja kwa spana, akaufuta kwa tambara, akapanda nao ngazi.

*

Mhandisi Kokushubila alikuwa binti mtulivu mwenye miwani, aliyesomea bongo za magari, yaani kompyuta zake, na chumba chake hakikuwa na hata doa la mafuta. Alisimama, akaamkia. Tusajigwe hakuitikia shikamoo. Aliuweka mkono wa chuma mezani, juu ya karatasi nyeupe.

Kwanza binti alisema labda chuma kilikuwa kibovu. Tusajigwe akamjibu kwamba chuma hicho alikijua kabla mama yake Kokushubila hajaolewa. Binti akasema basi labda ni kuchomelea. Tusajigwe akausukuma mkono ule karibu naye, autazame mwenyewe. Kokushubila akaenda kufunga mlango.

"Tuliomba daraja la kwanza," akasema.

Barabara za nyanda za juu zilikuwa zimewekwa lami hai mwaka wa tisa sasa. Lami ile ikilala ni laini kama sahani, magari huteleza juu yake kwa mafuta kidogo. Gari linapotaka kukata kona au kusimama, kuna waya ndani ya tairi, mafundi huuita ulimi, na huo ulimi huiomba barabara. Umeme hupita chini, lami ikasimama vinyweleo, ikakwaruza kama ulimi wa paka, ikalishika gari. Huo ndio mshiko. Lori hupewa kwa uzito wake, pikipiki kwa uzito wake. Daraja la kwanza lilikuwa la ambulensi na zimamoto peke yao. Hao wakiomba hupewa kabla ya wote, na hupewa chochote watakacho.

"Daraja la ambulensi," Tusajigwe akasema. "Kwa gari la starehe."

"Kwa majaribio, Fundi. Kibali kipo, Mkurugenzi alikipata."

"Na mshiko wote huo ulitoka wapi?"

Kokushubila akafungua ramani ukutani. Mteremko wa Isalaga ulikuwa na kona kumi na mbili, umejikunja kama utumbo wa mbuzi. Alhamisi walifunga kona sita za juu kwa kamba na bendera nyekundu, kama walivyofunga katika kila jaribio tangu gari la kwanza. Hakuna baiskeli iliyoruhusiwa kupita. Lakini mlima wote, kona zote kumi na mbili, ulikuwa ukila umeme wa kituo kimoja. Kamba huzuia watu. Umeme haukuwa na habari ya kamba.

Na hapo ndipo kosa lao lilipojificha miaka yote. Walifunga barabara ili wasimuue mtu, na kwa kuwa waliifunga, hawakuwahi kuona wanamnyang'anya nani.

"Saa ngapi ile?" Tusajigwe akauliza, ingawa alijua.

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

Alhamisi saa nne na dakika kumi na kitu, lori la viazi lilianguka kona ya tisa. Mji mzima ulijua. Dereva wake, mzee Angolwisye, alitolewa na mguu uliosagika. Mkewe Subilaga, aliyekuwa amekaa pembeni yake na kapu mapajani, alitolewa maiti. Polisi walimweka askari kitandani pa mzee, kwa kosa la kuendesha gari lenye breki mbovu na kusababisha kifo. Na Ijumaa, buchani, Tusajigwe mwenyewe alikuwa amewaambia watu kwamba madereva wa malori hununua redio kabla ya kununua pedi za breki. Mwuza nyama alicheka, akamwongezea mfupa.

"Mshiko tuliuchukua kwa muda gani?"

"Sekunde mbili na nusu."

"Na kona ya tisa ilibakiwa na nini?"

Binti alivua miwani. "Sifuri, Fundi. Kumbukumbu imo ndani ya bongo la gari, hakuna nakala. Nimeiona tangu Alhamisi jioni."

"Tangu Alhamisi." Tusajigwe akarudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Umekula, umelala, umeoga, umekwenda kanisani. Na yule mzee amefungwa pingu kitandani."

Kokushubila akaanza kulia bila sauti. Katikati ya kilio akatoa shauri, na ubaya ni kwamba lilikuwa shauri zuri. Angelishusha gari daraja siku ileile, kimya kimya, lirudi kuomba kama magari mengine. Lisingemwua mtu tena. Kiwanda kingebaki, watu mia nne wangebaki na kazi zao. Mita sitini na nane zingekuwa mia na kumi, wanunuzi wangenung'unika kidogo, wangezoea.

"Na yule mzee?"

"Labda kesi yake itakuwa nyepesi," binti akasema. "Ni mtu mzima, watamhurumia."

Tusajigwe aliuchukua mkono wake wa chuma, akatoka. Ngazini, kilichomtia hasira zaidi ni kwamba kwa muda wa ngazi tatu au nne lile shauri lilimpendeza. Nusu ya wale mia nne aliwafundisha yeye kushika spana.

*

Mkurugenzi Rwechungura alishuka karakana mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na viatu vyake vikakwepa madoa ya mafuta kama paka anayekwepa maji. Hakukana chochote. Alivuta kiti, akakaa, akaongea kwa upole wa mtu aliyewahi kushinda mabishano mengi.

Alisema barabara ilijengwa igawe, na kugawa maana yake kuna anayepata na anayekosa. Ambulensi nayo, ikipita, hunyima wengine, mbona hakuna anayelia? Alisema sheria iliwataka wafunge barabara, wakaifunga. Alisema asipofanya yeye watafanya wengine, ng'ambo, na mji huu utarudi kulima pareto. Yote aliyasema vizuri. Tusajigwe aliendelea kufuta spana zake moja moja.

"Ambulensi hubeba mgonjwa," hatimaye akasema. "Kipanga linabeba nini?"

"Linabeba mshahara wako, Mama."

Kisha akasema lililomleta. Ifikapo saa kumi alasiri alitaka muhuri. Kipanga halitoki kiwandani bila kidole gumba cha fundi wa breki kwenye kibati cha chesisi, na kidole kikishagusa pale, bongo la gari hujifuta, ili mnunuzi apate gari lisilo na kumbukumbu za watu wengine. Zile sekunde mbili na nusu zingekwenda na maji. Asipotia yeye, kesho angeletwa fundi mwingine mwenye kidole. Kulichomoa bongo lenyewe haiwezekani. Limefungiwa ndani ya chesisi, na ukilitoa hujifuta vilevile.

"Na kama mtu akiuliza nani alikuwa kwenye usukani," Mkurugenzi akasema akiinuka, "sitaweza kusema uongo. Mguu ulikuwa wako. Hiyo desturi yenu ya kukanyaga mwanzo, mimi siku zote nilisema ni ya kishamba."

Alipoondoka, Tusajigwe alitazama saa ya ukutani. Saa saba na robo. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Alikaa na Kipanga, jekundu, zuri kwelikweli, limelala juu ya jeki kama mnyama anayenyolewa, na akalichukia kwa moyo wote. Aliwaza jela. Aliwaza Ipyana mchomeleaji, ambaye mwezi uliopita tu alianza kujenga. Kisha akamwaza mzee asiyemjua, na hapo mawazo yakagota. Kiwanda kikifungwa, watu wangemlaani, wangehama, wangetafuta kingine. Yule mzee atatafuta nini? Angezeeka akiamini amemwua mkewe kwa uvivu wa kuingia chini ya lori na tochi. Hakuna mtu duniani wa kumwambia sivyo, ila watu watatu, na wawili walikwisha amua kunyamaza.

Akaurudisha mkono uliopinda mahali pake, akaukaza. Akachukua koleo, akakata ulimi wa kila gurudumu, nne zote.

Gari lisilo na ulimi haliombi, na lisiloomba halinyang'anyi. Lakini halipewi pia. Kwa Kipanga lile, lami sasa ilikuwa barafu. Ilibidi ashuke mlima wote kwa ukingo wa barabara, kwenye changarawe, na gari lenyewe lilijengwa tumbo likae kiganja kimoja kutoka ardhini. Basi alikaa chini na spana ya pete, akazungusha skrubu za springi zote nne mpaka mwisho wa uzi, gari likainuka kama kuku aliyelowa. Halafu kulikuwa na breki. Diski zake ni za kaboni, hupenda moto. Zikiwa baridi hazishiki, unakanyaga kama unakanyaga ubao. Ili zipate moto lazima ukimbie, na yeye hakuwa na mahali pa kukimbilia. Ingebidi gia ndiyo iwe breki.

Mlinzi getini aliuliza anakwenda wapi. Akamwambia anajaribu breki. Mlinzi akafungua, akamtakia heri.

*

Lile gari, lililozaliwa kuruka, lilishuka Isalaga kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Gia ya kwanza, injini ikilalamika, mawe yakigonga tumbo, ko, ko, ko, na kila kishindo kilipanda moja kwa moja mgongoni mwake, maana shokamzoba zilizoinuliwa vile hazikuwa na nafasi hata ya kupumua. Magurudumu ya kushoto yalikwaruza ukingo wa mtaro. Ya kulia, yakigusa lami kidogo tu, yaliteleza, na yeye akiyarudisha kwenye changarawe kwa usukani, jasho likimtoka.

Malori yalimpita yakipiga honi. Dereva mmoja alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akamtazama kwa raha.

"Mama, limeishiwa mafuta au wewe umeishiwa mume?"

Utingo wake akaangua kicheko, wakaenda. Kwenye kona ya saba wanawake waliouza kabichi waliuliza kama anataka kusukumwa, maana kwa mwendo ule wao wangemfikisha mapema. Siku nyingine angewajibu, na wasingesahau. Siku hiyo aliuma meno tu.

Kona ya tisa ilikuwa imetulia. Viazi bado vilikuwa vimetapakaa hadi bondeni, vingine vimeanza kugeuka kijani kwa jua. Kikapu kimoja kilining'inia kwenye mti. Aliitafuta barabarani ile michirizi myeusi ambayo tairi huandika dereva anapokanyaga breki kwa roho yake yote. Hapakuwa na kitu. Polisi nao bila shaka waliitafuta wakaikosa, wakaandika kwamba dereva hakufunga breki. Lami ilikuwa safi, inang'aa, kama sahani iliyooshwa.

Hakusimama. Hakuwa na cha kumsimamisha.

Ilimchukua saa mbili na nusu. Alipoingia uwanja wa hospitali alizima injini kwenye mpando mdogo, gari likajisimamia lenyewe, likitoa mvuke, tumbo limechubuka lote. Wauguzi walitoka kushangaa. Aliwapita.

*

Wodini, koplo alikuwa amekaa kwenye benchi na daftari la maelezo, amechoka, anakula ndizi. Tusajigwe akamwambia ana maelezo ya kutoa kuhusu lori la viazi. Koplo akamwelekeza kituoni. Akakataa, akasema atayasema hapa, mbele ya mwenye msiba, yeye kwanza ayasikie, ndipo polisi waandike. Labda ni sura yake, labda ni ile grisi shingoni, koplo akaweka ndizi chini.

Angolwisye alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe za siku nne, mguu umening'inizwa kwa kamba, mkono wa kushoto umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Tusajigwe alimpa pole kwa lugha ya kwao. "Ndaga, tata." Mzee hakugeuka.

"Nguo zako zinanuka gereji," akasema. "Wamekutuma uje useme breki zangu zilikuwa mbovu?"

"Hapana."

"Niliingia chini alfajiri ile. Na tochi. Marehemu alinishikia tochi. Pedi mpya, nimezifunga mimi."

"Najua."

"Hujui. Kila anayeingia humu anajua." Sauti yake ilikuwa kavu, na hasira iliyokuwa ndani yake Tusajigwe aliitambua kama mtu anavyoitambua ndugu yake njiani. "Nilikanyaga, zikashika. Magurudumu yalisimama kabisa, niliyasikia. Sisi tukaendelea. Nimewaambia hawa, wanaandika nimechanganyikiwa. Breki hazikuniacha. Barabara ndiyo iliniacha."

"Barabara iliitwa, tata," Tusajigwe akasema. "Na aliyeiita ni mimi."

Akavuta kigoda, akaeleza. Alieleza kama anavyoeleza fundi, sehemu baada ya sehemu: ulimi, daraja la kwanza, kamba kwenye kona sita, kituo kimoja cha umeme, saa nne na dakika kumi na mbili, sekunde mbili na nusu. Alimtaja Kokushubila, alimtaja Rwechungura, na alipofika kwenye mguu uliokanyaga hakuuita mguu wa kiwanda. Kalamu ya koplo ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Akamwambia koplo kwamba kumbukumbu zote ziko ndani ya lile gari nje, na mtu yeyote asiruhusiwe kuweka kidole kwenye kibati chake, hata aje na suti.

Koplo akatoka mara moja, akamweka mlinzi wa hospitali mlangoni pa gari, akarudi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akatoa ufunguo, akafungua pingu.

Mzee hakuutazama mkono wake. Aliuacha palepale ulipokuwa.

"Lilisimama mita ngapi?" akauliza.

"Sitini na nane."

"Kutoka mwendo gani?"

"Mia mbili."

Alikuwa dereva kwa miaka arobaini, alijua maana yake. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeikubali kazi ya fundi mwenzake, na Tusajigwe aliona bora angemtemea mate.

"Mlipoona hivyo," mzee akasema, "mlipoona limesimama vizuri namna hiyo, mlifanya nini?"

Tusajigwe angeweza kusema walipima tairi. Walipima pia.

"Tulishangilia," akasema. "Walinibeba juu. Nikacheza."

Angolwisye aligeuza kichwa, kwa mara ya kwanza, akamtazama koplo na siyo yeye.

"Andika na hilo."

Koplo akasita, kalamu hewani, akamtazama Tusajigwe kama anayemwomba amsaidie.

"Andika, mwanangu," Tusajigwe akasema. "Nilicheza."